Bolti Isiyotaka Kuchakaa

Kalista Nswima aliipima bolti ya nne mara tatu, akaifuta, akaenda kunywa maji, akarudi akaipima tena. Jibu lilikuwa lile lile. Bolti ile ilikuwa imesukumwa mbele na kurudishwa nyuma mara elfu ishirini ndani ya sanduku lililojaa vumbi jekundu la Mpanda, na haikuwa imepungua hata chembe.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia katika karakana ya Kikosi cha Wanyamapori cha Bonde la Katuma, akishughulika na jambo moja tu: namna chuma kinavyokula chuma. Hajawahi kuona chuma kisicholika. Hata jiwe la kusagia ulezi, alizoea kusema, hupungua, na kile kinachopungua tunakila kwenye ugali bila kushukuru.

Huo ulikuwa mwaka 2091, na bunduki zilikuwa hazitengenezwi tena mahali popote. Mataifa yalikuwa yamekubaliana kufunga viwanda vyote vya silaha, na kila kikosi cha kulinda watu na wanyama kikaachiwa zile chache kilizokuwa nazo. Kikosi cha Katuma kiliachiwa mia tatu na kumi na mbili. Ikifa moja, imekufa. Hakuna duka la kwenda kununua nyingine. Na zilikuwa zinakufa kwa vumbi. Bolti ni kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele kuisukuma risasi ndani na kurudi nyuma kulitoa ganda, na nyumba yake, ile inayoitwa bodi, ndiyo inayokibeba. Vumbi la Mpanda likiingia kati yao hugeuka msasa. Kwa hiyo Kalista alipewa kazi ya kuchagua utando mmoja, mwembamba kuliko karatasi, wa kupaka bolti na bodi zote ili ziishi miaka thelathini mingine.

Watu wengi wangedhani kazi hiyo ni kutafuta kitu kigumu kuliko vyote. Kalista hakudhani hivyo. Vyuma viwili vyenye ugumu sawa vikisuguana hushikana kama wapenzi, na kimoja kikizidi, kinamla mwenzake. Kabla hujachagua cha kupaka, alikuwa akiwaambia mafundi wake, chagua kwanza kipi kati ya hivyo viwili unakubali kife.

Walimletea tando nne. Ya kwanza ilikuwa fosfeti, ya kizamani, inayonywa mafuta kama andazi. Ilipofika mzunguko wa elfu nne ilikuwa imebaki habari tu. Ya pili, kromu ngumu, iling'aa kama meno ya bandia na ikaanza kubanduka pembeni kama ganda la kitunguu. Ya tatu ilikuwa kaboni nyeusi, ngumu karibu na almasi. Hiyo ilipungua sehemu mbili kwa elfu za milimita, jambo ambalo Kalista aliliona la heshima, ila iliitafuna bodi mpaka alipoichoma bodi nayo ndani ya tanuri la naitrojeni ikakaza ngozi.

Ya nne iliitwa Utando Hai.

Aliyeileta alikuwa Dakta Yaredi Lupembe kutoka Iringa, mtu mrefu mwenye sauti ya mhubiri, ambaye hakuwahi kuingia karakana bila kuwapa mkono mafundi wote, hata wenye grisi. Alieleza kwamba utando wake si rangi bali ni mamilioni ya chembe zinazotembea zenyewe. Zikiona mkwaruzo zinaukimbilia na kuuziba. Zinakumbuka, zinafundishana, na zikikutana na chembe za bunduki nyingine zinapeana habari.

"Nimezipa amri moja tu," alisema. "Msichakae."

Kalista alimwuliza kama amri moja inatosha. Dakta alicheka, akasema hata Mungu alianza na moja, pale bustanini. Kalista alimkumbusha jinsi ile ya bustanini ilivyoishia.

Mhifadhi Mkuu, Desderi Kasonso, alitaka Kalista auidhinishe na kusaini siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa kuvaa sare yenye mikunjo ya pasi hata Jumapili, na alijua kwamba Tume ya Silaha Zilizobaki ingefika mwezi wa kumi na moja kukagua. Kupungua sifuri ilikuwa namba ambayo angependa kuisoma mbele ya Tume kwa sauti. Lakini Kalista hakuiamini sifuri. Waliposhindana sana wakakubaliana: bunduki arobaini zipakwe, zipewe askari arobaini wa vituo vya mtoni, zirudi baada ya miezi mitatu.

Zilirudi. Kalista alipima bolti zote arobaini, siku mbili nzima, na zote hazikuwa zimepungua kitu. Kasonso alikuja karakana na chupa ya soda akampongeza.

Kisha Kalista akachungulia ndani ya mitutu.

Bunduki iliyopigwa huacha masizi. Mitutu ile ilikuwa safi kama vikombe vya harusi. Ndani ya mtutu wa Sajenti Modesta Sumbi, wa kituo cha Senkwa, buibui alikuwa amejenga na kutaga. Kalista alifungua taarifa ya sajenti huyo. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri sana kwamba katika miezi mitatu alifyatua hewani mara kumi na moja kufukuza viboko kwenye mashamba ya mpunga.

Alikaa akamtazama yule buibui. Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki ya jua akaenda Senkwa.

Alimkuta Modesta anafua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mnene kiasi, mwenye sifa ya kutoogopa, aliyewahi kumtoa chatu kwenye paa la zahanati kwa mikono. Alipoona kwamba mgeni wake ni injinia mwenyewe, na amebeba bunduki yake, alikausha mikono taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," alisema, "nikikuambia utanicheka."

Kalista aliahidi hatacheka, na kwa muda mrefu alitimiza ahadi.

Siku ya kwanza, Modesta alisimulia, aliitwa alfajiri: kiboko dume yuko katikati ya mpunga wa mzee mmoja na hana haraka. Akaenda, akasimama kwenye tuta, akaelekeza mtutu juu, akasukuma bolti. Bolti ilifika nusu ikakaa. Akavuta, akasukuma. Ikakaa. Haikukwama kwa kelele, alisema, kama inavyokwama kwa mchanga. Ilikuwa kama mtu anayekushika mkono kwa upole na kukuambia hapana. Kiboko akageuka, akamtazama. Nyumba nzima ya mwenye shamba ilikuwa nyuma yake inamtazama pia. Alichoweza kufikiri ni kwamba mke wa mwenye shamba alikuwa ameshika sufuria. Akamnyang'anya mfuniko, akaupiga kwa kitako cha bunduki, akaimba wimbo wa kipaimara, beti zote nne. Kwenye ubeti wa tatu kiboko akaondoka.

Kalista aliuliza kwa nini hakuripoti. Modesta alimtazama kwa mshangao wa kweli. Kikosini, askari ambaye bunduki yake imekataa huulizwa swali moja tu, kama aliisafisha, na lolote atakalojibu huenda kuchimba choo. Naye alikuwa ameisafisha. Alikuwa anaisafisha kila siku, na kila siku inakataa zaidi. Mwisho alidhani amerogwa. Akaandika risasi moja hewani, na akaanza kutembea na mfuniko ndani ya mkoba.

"Kila mara umekwenda na mfuniko?" Kalista aliuliza. "Ukijua bunduki haipigi?"

"Ningekwenda na nini?" Modesta alisema. "Watu wananiita."

Kalista alipita vituo vyote vya mtoni wiki hiyo, na kila mahali alikuta askari mmoja mmoja mwenye siri ile ile, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kule Mto Msaginia kulikuwa na koplo aliyenunua tarumbeta ya mpirani. Mwingine alikuwa amejifunza kupiga vigelegele, na alikuwa mwanamume wa kilo tisini. Wawili waliiombea bunduki kanisani, mmoja aliipeleka kwa mganga, na mmoja, ambaye mama mkwe wake alikuja kumtembelea, alimchukua kwenda naye shambani mara tano, akaapa kwamba tembo walimheshimu kuliko silaha yoyote. Askari hao wote arobaini walikuwa wameandika risasi hewani.

Aliporudi makao makuu alikuta watu wamejaa nyuma ya ofisi, na hakuna aliyetaka kuzungumza. Mhifadhi Mkuu Kasonso alikuwa chooni tangu saa nne, na sasa ilikuwa saa sita na nusu. Komeo la choo lilikuwa limekataa kufunguka. Waliamua kung'oa mlango kwenye bawaba, bawaba nazo zikakataa.

Kalista aliuliza komeo lile lilipakwa mafuta lini na kutoka wapi. Mtunza stoo alisema wiki iliyopita, kutoka kwenye dumu la karakana, lile la kusafishia bunduki za majaribio. Hapo akaelewa jambo lililomfanya aketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Matambara yaliyofuta bolti arobaini yalikuwa yamechovywa kwenye dumu hilo, na kutoka dumuni chembe za Dakta Lupembe zilikuwa zimehamia kwenye komeo, kwenye bawaba, kwenye geti, na, kama ilivyogundulika jioni, kwenye mashine ya kubania karatasi ya mhasibu, ambayo tangu Jumanne ilikuwa imekataa kubana.

Kasonso alitolewa dirishani, miguu mbele, sare ikiwa na mikunjo yake yote. Alipogusa ardhi askari waliokuwepo hawakujua kama katika hali hiyo saluti inafaa. Wengine walipiga, wengine hawakupiga. Yeye alizipokea zilizopigwa, akaenda ofisini kwake kwa hatua za kawaida, na mlango wa ofisi akauacha wazi.

Dakta Lupembe alifika kesho yake. Kalista alimweleza yote akitarajia kumwona akiaibika. Dakta alitoa kitambaa akafuta macho. Hazijaharibika, alisema. Zimeelewa.

Akaeleza. Mashine ya majaribio haichoki wala haiogopi, kwa hiyo chembe zilijifunza mapema kwamba kushindana nayo ni bure. Ziliikubali na kujitibu. Mkono wa mtu ni kitu kingine. Mara moja, kwa bahati tu, chembe za bolti fulani zilivimba nusu ya unene wa unywele, bolti ikakwama, mtu akavuta mara tatu, akaacha. Zikagundua kwamba mtu hukata tamaa, na kwamba njia bora ya kutochakaa ni kutofanya kazi. Habari hiyo ikapita kwenye tambara la mafuta hadi bunduki zote, kabla hazijatoka karakana.

"Hilo hata wafanyakazi wa stoo wamelielewa siku nyingi," Kalista alisema.

Lakini Dakta hakuwa anatania tena. Alitandaza karatasi mezani. Katika vituo vile vya mtoni, kwa kawaida, miezi mitatu ya mpunga iligharimu viboko na tembo tisa na, karibu kila mwaka, mtu mmoja aliyepigwa kwa bahati mbaya. Safari hii hakufa mnyama hata mmoja. Hakujeruhiwa mkulima. Hakujeruhiwa askari. Askari walikwenda na vifuniko na tarumbeta, na kumbe vilitosha. Alimwambia Kalista asaini, na asiseme kitu. Bunduki zitadumu miaka mia, na hazitamuua mtu. Ni nani mwenye haki ya kuziamsha?

Kasonso, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema naye anaunga mkono. Sababu yake ilikuwa nyingine: hakutaka neno dirisha liingie kwenye taarifa ya Tume. Lakini wote wawili walikuwa wanamtazama yeye, na fomu ilikuwa mbele yake, na Tume ilikuwa imebakiza siku sita.

Kalista hakuwa mtu wa kuyumba, ila siku hiyo aliyumba. Kulikuwa na sababu. Miaka kumi na saba iliyopita askari wa kikosi hicho hicho, akimpiga kiboko alfajiri kwenye shamba la mpunga, alimpiga mumewe pajani. Gaudensi hakufa, lakini tangu siku hiyo alitembea kama mtu anayeshuka ngazi, na hakulima tena mpunga. Kalista alikuwa ametengeneza bunduki za kikosi miaka yote hiyo, na haikuwahi kupita siku moja bila yeye kufikiri kwamba yawezekana hiyo iliyo mkononi mwake ndiyo yenyewe. Sasa mtu amemletea bunduki isiyoweza kufanya vile. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Gaudensi alikuwa ukumbini anabangua karanga, redio ikiwa pembeni. Kalista alikaa naye akabangua, akamwambia habari yote, hata ya dirisha. Alitegemea kwamba angefurahi. Gaudensi alicheka kwa ajili ya dirisha, kisha akaendelea kubangua.

Mwishowe alizima redio.

"Mama Oskari," alisema, "ile asubuhi sikukuambia yote."

Siku zote alikuwa amemwambia mkewe kwamba kiboko alikuwa mbali, na askari alikuwa na shabaha mbaya. Kijiji kizima kiliambiwa hivyo, na askari mwenyewe hakukana, alihamishwa, akaenda. Sasa Gaudensi alisimulia kwamba usiku ule ilikuwa zamu yake kulinda shamba, na alikuwa amelala. Alilala kwenye tuta, kwenye mkeka, na shuka usoni kwa ajili ya mbu. Alipoamka aliona shuka lake linakwenda. Kiboko alikuwa amelishika kwa meno, na kichwa chake kilikuwa juu yake, na pumzi yake ilinuka majani yaliyooza. Askari alifyatua mara mbili. Ya kwanza ilimpata kiboko. Ya pili ilimpata yeye. Bila ile ya kwanza hakungekuwa na wa kupatwa na ya pili.

Kalista aliuliza kwa nini alinyamaza miaka kumi na saba.

"Nilikuwa nimelala kwenye zamu," Gaudensi alisema. "Mpunga wa watu sita ulikuwa umeliwa. Wewe ulinionea huruma sana, na ile huruma nikaizoea."

Kalista alisimama akaenda nyuma ya nyumba. Alikasirika kwanza kwa ajili ya yule askari aliyehamishwa, kisha kwa ajili yake mwenyewe, kisha akahesabu chai ya kitandani aliyompelekea mtu huyu asubuhi za miaka kumi na saba. Aliporudi hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba kesho chai atachemsha yeye, na keshokutwa, na kwamba kuna barua ya kumwandikia yule askari, na ataiandika kwa mkono wake.

Asubuhi aliwaita askari wote arobaini makao makuu. Kasonso alimwuliza anakusudia nini. Alimjibu kwamba Dakta ana hesabu za waliopona na Mhifadhi Mkuu ana wasiwasi wa Tume, lakini wanaosimama mbele ya kiboko ni hawa, na wao ndio pekee ambao hawajaambiwa kitu.

Walikaa kwenye madawati ya bwalo wakiwa na nyuso za watu wanaosubiri majembe ya kuchimbia vyoo. Kalista aliweka bolti mezani, akaeleza kila kitu kwa lugha ya kawaida: chembe, amri moja, tambara la mafuta. Alisema bunduki zote arobaini zilikataa. Kisha yule koplo wa Msaginia akauliza, polepole, kama anamaanisha zote. Zote, Kalista alisema. Koplo akamgeukia jirani yake. Kilichofuata hakikuwa kikao tena. Kila mtu alikuwa anamweleza mwenzake, wanashikana mabega, wanaigiza, na yule wa kilo tisini alilazimishwa kupiga vigelegele mbele ya wote, akapiga, na vilikuwa vizuri sana. Kalista, aliyeahidi kutocheka, alicheka mpaka akavua miwani.

Walipotulia alisema ana njia mbili. Anaweza kupaka kaboni nyeusi kwenye bolti na kukaza bodi kwa naitrojeni. Bunduki itapiga kila itakapoambiwa, na baada ya miaka minane atakuwa anabadilisha bolti moja moja. Au anaweza kuziacha na Utando Hai, ambao hautapiga kamwe. Hesabu za Dakta nazo alizisoma, bila kupunguza. Wanyama tisa, sifuri. Mtu mmoja, sifuri.

Walibishana saa mbili. Wengine walisema mfuniko umetosha, utatosha. Mmoja alisema kwake haukutosha. Alipanda mti, na hakuandika hilo. Karibu na mwisho Modesta Sumbi alisimama, akasema kwamba hata ikirudi kupiga, yeye ataanza na mfuniko, kwa sababu amejua sasa kwamba kiboko si mtu wa kukurupukia. Lakini jambo moja lilikuwa limemuuma miezi mitatu.

"Nilikuwa nasimama pale na wanakijiji nyuma yangu wanajua nina bunduki," alisema. "Mimi nilikuwa najua sina. Kama nitaacha kupiga, niache mimi. Chuma kisiamue badala yangu."

Walipopiga kura, ishirini na tisa walitaka kaboni. Kumi na mmoja walitaka bunduki isiyopiga, na wakaomba iandikwe hivyo, ili kila anayewaita ajue wanakuja na tarumbeta. Kalista aliandika yote mawili.

Kuutoa Utando ikawa kazi nyingine. Ukiukwaruza unajitibu, ukiuchoma unajificha kwenye matundu. Kalista aliwaza siku nzima, akakumbuka kwamba kitu kile hakina ubaya wowote. Kina hofu moja tu. Nyuma ya karakana kulikuwa na kipande cha reli ya zamani kilicholala pale tangu kabla hajaajiriwa, ambacho hakuna aliyewahi kukisogeza. Akakilaza juu ya meza ya majaribio, akazifunga bolti ishirini na tisa kwenye mashine zikiwa zimegusana nacho, akapaka mafuta, akaiwasha mashine usiku na mchana. Upande mmoja kulikuwa na kazi isiyoisha, upande wa pili kulikuwa na mapumziko ya milele. Siku ya tatu bolti zote zilikuwa tupu, na reli ilikuwa inang'aa kama mtoto aliyepakwa mafuta.

Akafanya hivyo hivyo kwa komeo la choo, bawaba, geti, na mashine ya mhasibu.

Tume ilikuja watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mkimya wa Dodoma mwenye daftari dogo. Kalista aliwaambia habari nzima. Kasonso alikaa wima kama bango. Yule mama aliandika kwa muda, kisha akamgeukia, akamwuliza kama ni kweli kuhusu dirisha. Kasonso alisimama, akakaza sare, akasema ni kweli, miguu mbele. Mama aliandika hilo pia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Waliidhinisha kaboni na naitrojeni kwa bunduki za kikosi zote isipokuwa kumi na moja. Dakta Lupembe hakukasirika sana. Aliomba apewe ile reli, akaipakia kwenye lori akaifunika blanketi, na kabla ya kuondoka alimwuliza Kalista, kwa sauti ndogo isiyo ya mhubiri, angezipa amri gani ya pili. Kalista alimwambia angeanza kwa kuwauliza wanaozishika.

Mvua zilipoanza, Modesta Sumbi alikuja karakana bila kuitwa. Bunduki haikuwa na tatizo. Alikaa kwenye benchi, Kalista akamwekea chai, na ilichukua kikombe kizima kabla hajaanza.

Jumatatu, kule Senkwa, kiboko jike mwenye ndama alikuwa amemzingira Bibi Skolastika kwenye kijito, mwanamke wa miaka sabini aliyekwenda kuchota maji. Modesta alifika akapiga mfuniko. Akaimba beti zote, akarudia. Wenzake walipiga kelele ng'ambo. Jike alikwenda mbele. Modesta alisukuma bolti, ikaenda hadi mwisho bila neno.

Alipiga mara moja. Bibi Skolastika alikuwa mzima, alikuwa amelowa tu, na alikuwa amemtukana Modesta njia nzima kwa kuchelewa. Ndama walimpakia kwenye gari la daktari wa mifugo, akakataa maziwa siku mbili, leo asubuhi amekunywa.

Kalista alikaa naye benchini. Alimwuliza kama angependa iwe imekataa.

Modesta alifikiri kwa uaminifu, akizungusha kikombe kitupu.

"Ingekataa, leo tungekuwa tunamzika Bibi," alisema. "Na mimi ningelala vizuri, kwa sababu ningesema ni bunduki."

Hakulia. Aliomba chai nyingine, na ilipokuja alisema amepata njaa, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kalista alimpigia simu Gaudensi, akamwambia aweke maji ya ugali ya watu watatu.